Shirika la Nyuma ya Ukuta Wangu

Vita vilipofukuza tena watu wa upande wa Rutshuru, mimi nilikuwa nafundisha sosholojia ya dini katika chuo kimoja cha hapa Goma, na nilikuwa naifundisha vizuri. Nasema hivyo bila aibu, maana katika habari hii yote ndicho kitu pekee nilichofanya vizuri. Niliwaeleza wanafunzi kwamba watu wakisali pamoja hawamwabudu Mungu tu, wanakumbushana pia kwamba wao ni wamoja. Niliwaeleza kwamba wimbo ulioimbwa na watu thelathini unafanya kazi ambayo sheria na askari hawaiwezi. Wanafunzi walinakili kila neno, hata kikohozi changu nadhani walikinakili. Kisha nilirudi nyumbani Murara, nikafunga geti langu la buluu kwa kufuli mbili.

Nyuma ya ukuta wangu wa mawe ya volkano kulikuwa na ua wa mama mmoja muuza makala, na mara nyingi, Alhamisi saa kumi, shirika la mtaa lilikutana hapo. Kwa asiyejua, sisi Wakatoliki wa huku kanisani hatujulikani, tuko wengi mno. Tunajulikana kwenye shirika, yaani nyumba kama ishirini za mtaa mmoja zinazosali pamoja kila juma na kutembeleana. Mtoto habatizwi mpaka shirika liseme linawajua wazazi wake. Ndoa haifungwi mpaka shirika liseme bwana harusi si mgeni wa jana. Ukifa bila shirika utazikwa, ndiyo, lakini jeneza litabebwa na shemeji zako wanaotazama saa.

Mimi Alhamisi nilifunga madirisha, kwa sababu nyimbo zao zilinisumbua nilipokuwa nikiandaa somo langu juu ya umuhimu wa nyimbo.

Si kwamba hawakunialika. Mwaka niliohamia, yule muuza makala, ambaye ndiye kiongozi wa shirika, alikuja kunikaribisha. Nilimwambia nimebanwa na kazi. Akarudi juma lililofuata. Nikamweleza kwamba kazi yangu ni kuichunguza dini, na mchunguzi hatakiwi kuzama ndani ya kitu anachokichunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, watakuwa wananiombea, akaenda zake na mikono yake myeusi ya makala. Nilifurahi siku nzima. Nilidhani nimeshinda mjadala. Tangu hapo watu wa mtaa waliniita Prof, basi. Sikuwa profesa, nilikuwa mhadhiri msaidizi tu, lakini hakuna aliyeuliza na mimi sikuona sababu ya kuwasahihisha. Jina langu halisi hawakulijua, na kwa miaka kumi na mmoja jambo hilo halikuninyima usingizi hata dakika moja.

Mama yangu alifika siku ya Jumanne, juu ya lori lililojaa magodoro na watu, na dereva, mtu wa kijijini kwetu mwenye namba yangu, alinipigia nikampokee. Kijijini walikuwa wamepandisha kwanza wanawake na wazee wasioweza kutembea, na baba akasema yeye atakuja kwa miguu pamoja na wanaume wengine, akiswaga mbuzi wake. Baba yangu hakuwa mtu wa kuacha mbuzi. Simu yake ilikuwa imebaki kwenye kibanda cha kuchajia pale sokoni, na mwenye kibanda ndiye aliyekimbia wa kwanza. Namba yangu ilikuwa ndani ya ile simu. Kichwani baba alikuwa na jina langu na neno Murara, hayo tu. Hakuwahi kufika kwangu. Kila mwaka nilikuwa nikimwambia aje likizo ijayo, kwanza nipake nyumba rangi.

Mama hakubeba sufuria wala blanketi. Alibeba mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi ya shirika lake la kijijini, yenye muhuri wa parokia, inayosema huyu ni mkristo wetu, mumpokee. Nilimwekea chai mezani. Kabla hajaigusa, aliniambia kwamba habari za baba haziwezi kupita kwingine ila kwenye shirika, kwa kuwa kila mkimbizi akifika mahali, jambo la kwanza ni kutafuta shirika la pale. Kisha akanipa karatasi yake niishike.

"Alhamisi unipeleke kwa shirika yako, mutoto yangu."

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na diploma mbili ukutani, na moyo ulinidunda kama siku aliyonikuta na mkono ndani ya kopo la sukari. Ningesema ukweli, ingeniuma dakika tano. Badala yake nilimwambia kwamba shirika langu liko mbali kidogo, Birere. Nilisema Birere kwa sababu nilikuwa na mwenzangu wa chuo anayekaa huko, mwalimu wa takwimu, na mke wake alikuwa mwandishi wa shirika lao. Usiku ule ule nilimpigia nikamsihi wampokee mama yangu, na kama wanaweza, mbele yake wanisalimie kama mtu wanayemzoea. Mwenzangu alicheka sana. Aliniuliza kama hayo nayo yamo katika somo langu.

Basi kila Alhamisi nilimpakia mama kwenye pikipiki, nami nikapanda ya nyuma, tukaenda Birere kupitia katikati ya vibanda na mikokoteni. Njiani tulipishana na majirani zangu wakibeba viti kuelekea kwa muuza makala. Mama aliwasalimia wote, kwa sababu mama husalimia hata nguzo. Aliuliza hawa wanaenda wapi na viti. Nilimjibu kwamba ni mkutano wa wapangaji. Alisema wapangaji wa Goma wana umoja kweli.

Na mimi nilimtafuta baba, msidhani nilikaa tu. Nilimtafuta kisayansi. Nilitengeneza fomu ya kurasa mbili, nikaipiga fotokopi, na Jumamosi nikaenda kambi mbili za wakimbizi nikiwa na kalamu na ubao wa kuandikia. Niliuliza jina, kijiji, siku ya kuondoka, njia iliyofuatwa. Swali la saba liliuliza kiwango cha elimu. Mpaka leo sijui elimu ya mtu ingenisaidia nini kumpata mzee mwenye mbuzi. Watu walipoona karatasi walidhani nimekuja kuandikisha majina ya kupewa maharage, wakapanga foleni ndefu sana, na mimi nikaona aibu kuwaambia sina maharage, nikaendelea kuwauliza mpaka wino ukaisha. Mama mmoja alinibariki. Nilirudi nyumbani na rundo la fomu zilizojazwa vizuri, na baba hakuwemo.

Ninajicheka sasa kwa sababu najua mwisho wake. Wakati ule niliogopa sana. Niliogopa kwamba amelala mahali fulani kando ya njia na hakuna wa kumfunika. Mama alisali rozari kila asubuhi kwa ajili yake, na juma la tatu niligundua kwamba hasemi tena kama anamwombea akiwa hai au akiwa marehemu. Anataja jina tu. Sikuthubutu kumuuliza.

Ni katika majuma hayo hayo muuza makala aligonga geti langu. Ilikuwa asubuhi, mama alikuwa misani. Nilichungulia kwenye pazia nikamwona amesimama na karatasi mkononi, na nikajua papo hapo ile karatasi ni ya nini: ni orodha ya zamu, kila nyumba na juma lake la kukaribisha shirika. Wakija kwangu kusali mbele ya mama, uongo wangu wa Birere umekwisha. Nikapiga magoti chini ya dirisha nisionekane. Aligonga tena, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Nilibaki hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na ndiyo mara ya kwanza mwaka ule niliyopiga magoti. Juma lililofuata alirudi, nikarudi chini. Alipokuja mara ya tatu nilikuwa nimeshaweka mto pale chini ya dirisha, kwa sababu sakafu ya simenti ni baridi na mimi si kijana tena.

Alhamisi ya tano ikaangukia siku ya mji kugoma. Maduka yamefungwa, pikipiki hakuna, kwenye njia panda matairi yanawaka moto. Birere hapaendeki. Mama alisikitika, mimi nilishukuru kimoyomoyo, nikakaa mezani kuandaa somo la kesho yake, ingawa kesho yake pia ilikuwa na mashaka. Saa kumi wimbo ukaanza nyuma ya ukuta. Nikainuka, nikafunga dirisha. Sikuona kwamba mama amechukua kigoda cha jikoni na mfuko wake wa plastiki, akafungua kufuli zote mbili na kutoka.

Muda si mrefu wimbo uliisha, yakafuata maneno ambayo sikuyasikia. Halafu nikasikia sauti ya mama yangu ikilia kutoka upande usiofaa wa ukuta.

Sikuwa nimefika hata getini walipoingia. Walikuwa kama ishirini, na viti vyao, na mama yangu katikati ameshikwa mikono na wanawake wawili. Mwenye karatasi alikuwa muuza makala. Alinipa niisome, lakini macho yangu hayakutulia, akanieleza yeye. Ilikuwa barua ya shirika la kambi moja ya wakimbizi, kwenye njia ya Sake. Ilisema: tuna mzee hapa, mguu wake mbaya, hawezi kutembea, anamtafuta mtoto wake anayekaa Murara. Chini yake waliandika jina langu la ubatizo na jina la babu, na la mama pia. Ilikuwa barua ya tatu. Mbili za kwanza walizisoma shirikani, wakauliza nyumba kwa nyumba, wakajibu kwamba mtu huyo hajulikani. Leo waliisoma mara ya mwisho kabla ya kujibu, na mama mgeni, mwenye kigoda, akainuka akapiga ukelele.

Nusu saa kwa pikipiki. Baba yangu alikuwa mwendo wa nusu saa kwa pikipiki, kwa zaidi ya majuma matatu.

Muuza makala hakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa tu, na alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Nilikuya hapa mara tatu, Prof. Sikujua jina yako. Nilitaka kukuuliza kama unamujua mutu wa hii jina."

Mama aliniuliza nilikuwa wapi mara zote hizo tatu. Nilisema nilikuwa ndani, nimejificha. Nikasema pia kwamba Birere si shirika langu, kwamba sina shirika, na kwamba wapangaji wa mtaa huu hawajawahi kufanya mkutano. Maneno yalinitoka yote kwa pamoja, mbele ya watu ishirini wenye viti. Mzee mmoja aliketi. Mama hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda chake na kujifunika uso kwa kikwembe, na ningelipa chochote anigombeze.

Kesho yake mapema tuliondoka, mama na mimi na muuza makala, ambaye hakuuliza kama anatakiwa, alikuja tu akiwa amefunga kitambaa safi kichwani na amebeba unga. Kwa vile siponi ugonjwa wa kuchunguza, wakati tukingoja pikipiki nilimuuliza wanafanyaje hasa kuwashikilia watu wote hawa pamoja, katika mji ambao kila mwaka unapokea wakimbizi wapya. Nilitegemea angalau neno moja la kuweka kwenye somo langu. Alifikiri kidogo, akasema wao hawajui kushikilia watu. Kila Alhamisi wanaangalia nani hayupo, halafu wanaenda kuona kwa nini. Nilitaka kusema kwamba mimi sikuwahi kuwepo. Nikakumbuka kwamba alikuja mara mbili mwaka ule wa kwanza, na mara tatu mwaka huu, nikampokea ule unga.

Kambi ilikuwa juu ya mawe meusi, maturubai yamefungwa kwa kamba na kuzuiwa kwa mawe hayo hayo. Hatukuuliza kwa maofisa wa kambi wenye fomu. Muuza makala aliuliza shirika liko wapi, na mtoto wa kwanza tuliyekutana naye akatuonyesha.

Baba alikuwa ameketi juu ya gunia mbele ya turubai, mguu umenyooshwa na umefungwa kitambaa. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ya mtu mwingine. Mbuzi walikwisha njiani na hakutaka kuzungumza juu yao. Alipomwona mama, alivua kofia. Mama alimshika uso kwa mikono yote miwili, akasema kwamba ananuka moshi, akaanza kulia. Mimi nilisimama nyuma nikisubiri zamu yangu.

Watu wa shirika lao walikusanyika, kwa kuwa wageni wamefika. Walikuwa Wanande na Wahunde na watu wa Kinyarwanda, watu ambao kwenye foleni ya maji, mita mia kutoka pale, wanatazamana kwa jicho la pembeni. Hapa walishika kitabu kimoja cha nyimbo watu watatu watatu. Sitadanganya kwamba dini iliwapatanisha. Nilisikia baadaye kwamba jioni ile ile waligombana tena kwenye maji. Lakini kidonda cha baba kilikuwa kikioshwa kila siku na mtu ambaye zamani kijijini baba asingemwazima hata jembe, na wote wawili walilijua hilo, na mtu yule aliendelea kuosha. Ningekuwa darasani ningekuwa na maneno mazuri ya kuliita jambo hilo. Pale kwenye mawe sikuwa nayo.

Baada ya sala, kiongozi wao, mwanaume mfupi mwenye koti la mvua, aliwaomba wageni wajitambulishe, na kama ilivyo desturi kila mmoja aseme anatoka shirika gani. Mama alisimama akataja shirika la kijijini, akaonyesha karatasi yake, wakampigia makofi. Muuza makala alisimama akataja la Murara, wakampigia makofi. Kisha wakanitazama mimi.

Baba naye alinitazama. Juu ya paja lake kulikuwa na kitabu chake cha sala, na kutoka ndani ya kitabu zilichungulia karatasi mbili zilizokunjwa, zenye muhuri uliotaja Murara. Zilikuwa majibu ya mtaa wangu. Alizihifadhi. Alikuwa ameambiwa mara mbili, kwa maandishi, kwamba mwanawe hajulikani mahali anapoishi, na sijui ni lipi alilifikiria kwanza, kwamba nimekufa au kwamba nimekuwa mtu wa namna hiyo.

Nilisimama. Nilifungua mdomo, mimi ninayelipwa kwa kufungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Watu walisubiri kwa adabu. Ndipo muuza makala, ambaye alikuwa ameshaketi, alisema bila kuinuka:

"Huyu ni mutu wa shirika yetu."

Wakapiga makofi. Machozi yalinishuka na sikujali nani anayaona. Ulikuwa uongo, na kila mtu mwenye kujua kusoma ule muhuri alijua ni uongo, na mwenye kujua zaidi ya wote alikuwa baba yangu. Aliangalia karatasi zile mbili. Akazisukuma ndani kabisa ya kitabu mpaka hazikuonekana, akakifunga, akaweka mkono juu yake. Kisha akamgeukia yule mama muuza makala.

"Aksanti, mama," alisema, "kwa kumupokea."

Mimi hakunitazama alipokuwa akisema.